Barua ya wazi kwa wenye internati za wasichana Lubumbashi: tuonyesheni miaka 12 ijayo

Kwa Mama masista wakuu wa mashirika yenye internati za wasichana mjini kwetu; kwa waratibu wa shule za Kikatoliki, za Kiprotestanti na za makanisa mengine; kwa Mkurugenzi wa elimu wa jimbo na Waziri wa jimbo anayesimamia elimu; kwa wamama na wababa wa kamati za wazazi; na kwa wakuu wa makampuni ya madini ya Haut-Katanga.



Msichana anayeingia internati (shule ya bweni) hapa Lubumbashi mwezi wa tisa huwa na miaka 12 hivi. Akifaulu kila mwaka atatoka akiwa na miaka 18: darasa la saba na la nane, kisha miaka minne ya humanite (sekondari ya juu), kisha mtihani wa Serikali. Mzazi anapomshusha langoni na godoro lake na ndoo yake, anawakabidhi miaka sita ya mtoto. Naye anapewa karatasi ya mwaka mmoja: ada, orodha ya vifaa, tarehe za likizo. Mwaka unaofuata anapewa nyingine, na mara nyingi ada imebadilika, prefe (mkuu wa shule) amehamishwa, na mwalimu wa hisabati ameondoka.

Naandika kuomba jambo moja. Kila internati ya wasichana hapa mjini iwe na mpango wa miaka 12, ulioandikwa, wenye hesabu za fedha, unaosema nani anawajibika kwa lipi, na wazazi wausome. Nasema 12 kwa sababu ndiyo miaka ya wasichana wawili wanaopokezana kitanda kimoja: huyu anayeingia leo, na yule atakayekilalia huyu akishaondoka. Mpango unaoishia kwa huyu wa leo ni hesabu ya madeni tu.

Najua swali litakalokuja kwanza: katika nchi hii nani anaweza kupanga miaka 12? Jibu liko ng'ambo ya ukuta wa shule zenu. Kwa Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018, kibali cha kuchimba hutolewa kwa miaka 25, na kinaweza kuongezwa. Kampuni haipati kibali hicho bila kueleza tangu mwanzo itachimba nini, kwa kasi gani, kwa fedha za nani, na shimo litafungwaje siku madini yakiisha. Benki zinasoma karatasi hizo na kutoa mikopo. Vita, uchaguzi, kupanda na kushuka kwa bei ya shaba, yote yamo ndani ya hesabu. Kwa hiyo huku Katanga watu wanapanga, tena kwa muda mrefu. Kinachopangiwa miaka 25 ni jiwe.

Na hata wasichana wa mji huu waliwahi kupangiwa. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliona mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba kuleta vibarua kutoka mbali na kuwarudisha kila mara ni hasara. Ikaamua wafanyakazi wakae na familia zao kambini. Zikajengwa nyumba, zahanati na shule, na wamisionari wakapewa kazi ya kufundisha. Wavulana waliandaliwa kwa karakana, wasichana kwa kushona, kupika na kulea, ili mfanyakazi wa kesho apate mke anayefaa kambi. Ulikuwa mpango wa vizazi, uliofikiriwa vizuri sana, na msichana hakuwa kiini chake. Matokeo yake yalionekana baadaye: mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu, Sophie Kanza, aliipata Lovanium mwaka 1964, miaka minne baada ya uhuru. Ninapowaomba mpango wa muda mrefu siombi ule urudi. Naomba mpango ambao mwanzo wake na mwisho wake ni msichana mwenyewe.

Kisha mahali pake ikaja Gécamines, na hapa wasomaji wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa. Kampuni hiyo ililipa walimu, ilipaka rangi shule, iligawa unga. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wake wa Kamoto ukaporomoka, mwaka uliofuata ukaja uporaji, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari. Shule zilizokuwa zikipumua kwa pua ya kampuni moja zilibaki na majengo tu. Watoto walirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, na katika nyumba nyingi aliyerudi na asiondoke tena alikuwa msichana.

Sisemi haya kwa ajili ya kulilia zamani. Nayasema kwa sababu internati nyingi zetu leo ziko pale pale, isipokuwa mfuko mmoja umebadilika jina. Tangu mapatano ya Februari 1977 kati ya Serikali na makanisa, Serikali ndiyo inayopaswa kuwalipa walimu, na makanisa yanasimamia shule. Bweni lenyewe, yaani vitanda, chakula, maji, walezi wa usiku, limebaki kwa shirika na kwa wazazi. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 iligusa shule za msingi za umma, internati haimo. Mfuko wenu ni mzazi. Na mzazi wa internati ni nani? Ni mama anayeuza mpakani Kasumbalesa. Ni fundi wa kontrakta Fungurume au Kolwezi, anayelala kambini wiki nzima. Ni mwenye duka dogo Pweto, Kasenga au Mitwaba, ambako sekondari nzuri iko mbali na barabara ni mbaya zaidi wakati wa mvua. Wanamleta mtoto mjini kwa sababu wakimwacha huko, karibu na machimbo ya wachimbaji wadogo, wanajua kinachomngoja. Watu hao wote wanategemea bei ya shaba na kobalti kwa namna moja au nyingine. Februari 2025 Serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, uamuzi huo uliingia nyumbani kwa watu ambao hawajawahi kuishika kobalti kwa mikono yao.

Ongeza jambo la sarafu. Shule nyingi za mjini zinataja ada kwa dola, mwalimu wa Serikali analipwa kwa faranga. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa kama faranga 920; mwaka 2024 ilipita 2,800; mwishoni mwa 2025 faranga ikapata nguvu tena. Anayepanga mwaka mmoja mmoja hutikiswa kila mara na kumtwisha mzazi tofauti hiyo katikati ya masomo. Anayepanga miaka 12 huweka akiba miaka mizuri, huweka kikomo cha kupandisha ada, na humwambia mzazi tangu siku ya kuandikisha: katika miaka yake sita hapa, ada haitapanda zaidi ya kiasi hiki. Ahadi hiyo peke yake ingewabakiza wasichana wengi kuliko hotuba zetu zote za Machi 8.

Mwalimu naye anahitaji ahadi. Kila shule inamjua mwalimu anayefundisha vizuri lakini jina lake bado halijaingia katika orodha ya mishahara ya Serikali. Anaishi kwa prime (malipo ya ziada) inayotoka kwa wazazi, na kampuni ya kwanza inayotafuta mtu wa maabara au wa hesabu inamchukua. Hamuwezi kushindana na mgodi kwa mshahara. Mnaweza kumpa nyumba ndogo ndani ya kiwanja cha shule, nafasi ya binti yake shuleni, na mkataba unaovuka mwaka mmoja. Lakini nyumba ya mwalimu haijengwi kwa bajeti ya mwaka mmoja, ndiyo maana haijengwi.

Sasa naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye bweni, kwa sababu hapo kukosa mpango kunaweza kuua.

Lubumbashi ina wezi, na wezi wenye silaha. Kila mtu anajua kwa nini madirisha ya bweni yana antivoli (nondo za kuzuia wezi) na kwa nini mlango hufungwa usiku. Nililala miaka yangu ya shule nyuma ya madirisha ya namna hiyo, na ufunguo ulikuwa kwa mlezi. Hofu ya wizi ni ya kweli. Lakini umeme wa SNEL ukikatika, delestaji (mgao wa umeme) ikiendelea siku ya pili, wasichana wana mtihani kesho: mshumaa unawashwa chini ya chandarua, simu inachajiwa kwa nyaya zilizounganishwa mara tatu, na kuna anayechemsha maji kwa rezistansi umeme ukirudi. Godoro la sponji huwaka kwa dakika chache, na moshi wake huua kabla ya moto. Kenya imelipa bei hii. Nairobi, Septemba 2017, wasichana walikufa bwenini Moi Girls. Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kenya ilikuwa na kanuni zilizoandikwa tangu 2008: milango ifunguke kwa nje, madirisha yasizuiwe kwa nondo, nafasi iachwe kati ya vitanda. Kanuni zilikuwepo. Kinachookoa ni ratiba yenye fedha: bweni lipi linatolewa antivoli mwaka gani, ukuta wa nje unainuliwa lini na mlinzi wa usiku analipwa na nani ili antivoli zisihitajike, mlango wa pili unatobolewa wapi. Haya hayawezekani yote Septemba hii. Katika miaka mitatu yanawezekana, yakiandikwa leo.

Nawaomba hili moja lisingoje mpango wowote: usiku huu, kila bweni liwe na mlango unaoweza kufunguliwa kutoka ndani bila ufunguo, na mlezi anayelala humo humo.

Kuhusu maji na jiko nitasema kwa ufupi, kwa kuwa masista wanayajua kuliko mimi. Maji ya REGIDESO hayatoshi, foraji (kisima kirefu) ndiyo inayonywesha internati, na foraji inahitaji pampu, pampu inahitaji umeme, na maji yake yanahitaji kupimwa, hasa katika mji uliozungukwa na viwanda vya shaba na unaokijua kipindupindu. Jiko linakula makaa, makaa yanakula misitu ya miombo, na kila mwaka gari la makaa linatoka mbali zaidi. Unga wa bukari unatoka Zambia kwa sehemu kubwa. Zambia ikipata ukame, kama mwaka 2024, au ikifunga mpaka kwa mahindi, sahani ya binti wa Lubumbashi inapungua wiki hiyo hiyo. Paneli za jua, majiko ya kuokoa kuni, shamba la mahindi la shule: kila kimoja kinadai fedha leo na kinalipa baada ya miaka minne au mitano. Ndiyo tabia ya vitu vyote ambavyo internati inavihitaji zaidi.

Kuna pia ardhi, jambo linalozungumzwa kwa sauti ya chini. Kwa sheria ya Julai 1973 ardhi ni ya Serikali, na shirika hupewa konsesioni kwa muda usiozidi miaka 25 inayoweza kurefushwa. Je, kila mama mkuu anajua tarehe ya mwisho iliyo kwenye cheti cha shule yake? Mji umekua mpaka kwenye kuta za shule, kiwanja cha michezo kisicho na ukuta kinaonekana na wengine kama parseli kumi na tano za kuuza, na mwenye karatasi iliyokwisha hana nguvu mahakamani. Ukurasa wa kwanza wa mpango uwe ramani ya konsesioni na tarehe hiyo.

Mtaniuliza kama kuna aliyefanya. Nitataja wawili. Huko Kalebuka, nje kidogo ya mji, Noëlla Coursaris Musunka, mzaliwa wa Lubumbashi, alianzisha taasisi ya Malaika mwaka 2007, na shule ya wasichana ikafunguliwa mwaka 2011. Si internati, na ada hailipwi, kwa hiyo mfuko wake si wenu. Lakini tazameni mwendo wake: walianza na watoto wadogo wakaongeza madarasa mwaka hadi mwaka mpaka sekondari, wakachimba visima ambavyo kijiji nacho kinateka, wakafungua kituo cha jamii ambako wazazi wenyewe wanajifunza kusoma. Msichana, maji na mzazi vilifikiriwa pamoja tangu mwanzo.

Wa pili yuko Uganda. Shule ya Gayaza ilianzishwa na wamisionari mwaka 1905. Imepita ukoloni, uhuru, Amin na vita vilivyofuata, na bado ni internati ya wasichana inayoheshimiwa Afrika Mashariki nzima. Ina shamba lake, na ina chama cha wasichana wa zamani ambao hawaachi shule yao. Hapa kwetu wasichana wa zamani wapo: ni madaktari wa hospitali zetu, wanasheria, wahasibu wa makampuni, walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU). Hakuna anayetuita, isipokuwa jubilei ikifika, tukachangia kitenge na keki. Tuiteni kwa kazi. Mhasibu aliyelelewa nanyi atakaa Jumamosi mbili kutengeneza hesabu za miaka 12 bila kudai hata faranga.

Niseme pia kuhusu prefe, na nasema kwa heshima. Sista anahamishwa kwa utii, mwezi wa saba au wa nane barua inafika, naye anaondoka na sanduku lake na kila alichokuwa nacho kichwani: nani aliahidi mabati, foraji ilichimbwa mita ngapi, msichana gani analipiwa na mjomba asiyetaka kutajwa. Anayekuja anaanza upya, kwa nia njema, na baada ya miaka mitatu naye anahamishwa. Utii wa shirika siugusi. Lakini shule isihamishwe pamoja na sista. Iundwe kamati ndogo inayobaki: mwakilishi wa shirika, mwalimu, mzazi, msichana wa zamani, na wasichana wawili wa mwaka wa tatu na wa nne wa humanite. Hawa wawili wa mwisho msiwaache nje. Wao ndio wanaojua choo kipi kinaogopwa usiku na mlezi gani anasikiliza.

Na mpango uulize swali ambalo Union Minière haikuuliza: huyu msichana atafanya nini na masomo yake? Mwaka 2024 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, zaidi ya mara sita ya ile ya Gécamines mwaka 1986. Metalajia, kemia, umeme, uchunguzi wa maji, sheria ya madini: kazi hizo ziko kilomita chache kutoka bwenini. Shule isiyo na maabara haiwezi kumpeleka msichana Polytechnique ya UNILU, hata akiwa na akili kuliko kaka zake. Maabara ni jambo la miaka mitano: chumba, vifaa, mwalimu anayebaki.

Kwenu, wakuu wa makampuni. Sheria ile ile ya Madini ya 2018 inawataka mtenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yenu kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na uchimbaji. Mrabaha mnaolipa unagawanywa: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Msichana wa miaka 12 ndiye kizazi kijacho, na jina lake tayari liko kwenye daftari la shule. Lakini nawaomba jambo lililo tofauti na mliyozoea. Msituletee tena jengo lenye nembo yenu na utepe wa kukata. Wekeni sehemu yenu kwa miaka 12, kwa mkataba, katika mfuko unaokaguliwa hadharani, ili kampuni ikiuzwa au bei ikianguka bweni lisianguke nayo. Tulishaona la Gécamines mara moja.

Kwenu, Mheshimiwa Waziri wa jimbo na Bwana Mkurugenzi: nchi haijafanya sensa tangu 1984. Hamwezi kutuambia kuna wasichana wangapi wa miaka 12 mjini, na sidhani ni kosa lenu. Lakini vitanda vya internati vinahesabika, na walioingia darasa la saba na waliofika mtihani wa Serikali wanahesabika. Tangazeni hesabu hizo mbili kila mwaka, shule kwa shule. Mzazi ataelewa mengi.

Masista, nanyi ndio mlionilea, ombi langu la mwisho ni lenu. Kabla ya kuandikisha wasichana wa Septemba ijayo, waiteni wazazi Jumamosi moja. Wekeni mezani kurasa chache: ardhi, mabweni, maji, walimu, fedha, na kitakachofanyika mwaka wa kwanza, wa sita na wa kumi na mbili. Hata kama hesabu zina mapengo, zionyesheni na mapengo yake. Tutakuja, na tutakuja na kalamu.

Mzazi, na mwanafunzi wa zamani wa internati
Lubumbashi